Mlipeni fundi kwa kutafuta ugonjwa, si kwa kufunga spea

Gari kuukuu linalomisi muda wote, yaani silinda fulani haichomi petroli sawasawa, halina shida kulitafutia ugonjwa. Injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, fundi anachomoa soketi za koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) moja baada ya nyingine. Akichomoa ya silinda fulani na mlio usibadilike, ameshajua silinda yenye kasoro ni ipi. Shida ni gari linalomisi likijisikia. Asubuhi linatoka Area C hapa Dodoma safi kabisa. Saa nane mchana, kwenye jua la Oktoba, linaanza kukata na kutetemeka, taa ya cheki injini inawaka. Ukilifikisha gereji limetulia tuli, na fundi anakutazama wewe badala ya kutazama gari.

Hapo ndipo pesa zinapopotelea, na sioni sababu ya kuwabebesha mafundi lawama yote. Sisi wenye magari tunatoa fedha nyingi bila kusita kwa sensa iliyo ndani ya boksi. Lakini fundi akisema, "Bosi, niachie gari mpaka kesho nilizungushe, utanipa ya muda wangu," tunaona anatupiga. Mtu asiyelipwa kufikiri atafanya nini? Atakuuzia kitu cha kushika mkononi.

Mashine ya kupimia ndiyo imeukuza mchezo huu. Inachomekwa chini ya usukani, inatoa namba, namba inapelekwa duka la spea. Namba inataja mahali kilio kiliposikika, haimtaji aliyempiga mtoto. P0302 maana yake silinda ya pili inamisi, basi. Inaweza kuwa plagi, koili, nozeli inayopuliza petroli, waya uliokatika ndani ya plastiki yake, au kompresheni imeshuka. P0171 inasema hewa imezidi petroli, na wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, ilhali huenda sensa hiyo ni nzima na imefanya kazi yake ya kutoa taarifa. Angalia kwanza mipira ya hewa. Mpira uliokaa zaidi ya miaka 20 juu ya injini ya moto hupasuka, na mara nyingi ufa uko upande wa chini usioonekana.

Halafu kuna ile mashine inapoonyesha sensa tatu au nne zimekufa kwa mpigo. Nikisikia hivyo siamini. Sensa kadhaa hupokea umeme wa volti 5 kutoka kwenye laini moja ya kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, na hushirikiana ethi, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Moja ikipiga shoti, au waya mmoja ukichubuka na kugusa bodi, zote zinatoa taarifa za uongo. Vivyo hivyo ethi ya injini ikilegea au kushika kutu. Kazi hiyo inataka mita ya kawaida ya fundi umeme na subira. Betri nayo ipimwe: injini ikiwaka, umeme unatakiwa kuwa kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Altaneta inayochaji betri ikiyumba, kontrol boksi nalo linachanganyikiwa. Usisahau panya pia, maana wanatafuna waya za gari lililolala nje.

Tabia inayonikera kuliko zote ni kufuta makosa kabla ya kuyaandika. Magari mengi yenye OBD-II, mfumo wa gari kujipima lenyewe, ule uliofanywa lazima Marekani kuanzia mwaka 1996, huhifadhi pamoja na namba hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: injini ilikuwa na joto kiasi gani, resi ngapi, gari lilikuwa mwendo gani. Kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka, huo ndio ushahidi wenyewe. Fundi anabonyeza "futa", taa inazima, mteja anafurahi, ushahidi umekwenda. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani, na ya zamani hayasomeki kwa vile vifaa vya bei rahisi vya kuunganisha na simu. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kiboksi chini ya boneti: unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, unahesabu taa inavyopepesa. Namba 14, kwa mfano, inakupeleka kwenye umeme wa kuchoma plagi.

Kabla ya vifaa vyote hivyo, mwenye gari ahojiwe. Linamisi sailensi tu na likipigwa resi linakaa sawa? Tafuta hewa inayovuja. Linamisi likibeba mzigo, tuseme ukipanda mlima Nyang'oro kuelekea Iringa? Fikiria koili, plagi, waya za plagi au presha ya petroli. Linazima ghafla likipata moto, mshale wa resi unaanguka sifuri gari likiwa bado linatembea, kisha likipoa linawaka? Ipime sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini, tena ikiwa ya moto, kwa sababu ikipoa itakudanganya. Lilianza baada ya injini kuoshwa kwa presha? Chomoa koili uangalie maji kwenye mashimo ya plagi. Ukikuta oili badala ya maji, gasketi ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, imechoka. Na kwa gari la zamani la distributa, linalogawa umeme kwa plagi kupitia waya, subiri giza liingie, fungua boneti, nyunyizia waya za plagi maji kidogo: penye ufa utaona cheche za bluu.

Wapo wanaosema moja kwa moja ni uchakachuaji wa mafuta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu hiyo, kwa hiyo hofu ina historia yake. Ila petroli mbaya huenda silinda zote, haichagui ya tatu peke yake. Vumbi la kwetu ndilo ningelitazama mapema zaidi, hasa kwa wanaokwenda vijijini Bahi na Chamwino. Filta iliyochanika hulipitisha mpaka kwenye sensa ya kupima hewa, na hiyo husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, usiiguse kwa kitambaa.

Kwa silinda moja inayosumbua, kipimo kisichotaka spea mpya kipo: hamisha koili ya pili iende ya tatu, endesha mpaka ugonjwa urudi, soma tena. P0302 ikigeuka P0303, nunua koili. Ikibaki ilipo, hamisha plagi, kisha nozeli. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, na ndiyo ninayosema ilipwe. Mimi nakubaliana bei na fundi mapema, anakaa kushoto na mashine mapajani tukielekea Ihumwa, anaandika namba kabla na baada.

Utaniambia atakula hela na asipate kitu. Inawezekana. Lakini sensa uliyonunua kwa kubahatisha nayo hairudi dukani: risiti nyingi zimeandikwa kabisa kwamba kifaa cha umeme kikishafunguliwa hakirudishwi.