Cheni Mpya, Mama Neema kwa Miguu

Jamani, mimi sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na chuma.

Nina pikipiki ya Kijapani, cc 125, namba yake inaanza na T, ya enzi ambazo hizi namba za MC za vijana wa bodaboda zilikuwa hazijaota. Mama Neema anaiita mke mwenza. Sibishi, ila nionyesheni mke mwenza anayeogeshwa mafuta ya taa.

Wiki mbili mfululizo, kila nikiupandisha ule mlima wa Ipogolo kuja Iringa mjini, cheni inaruka. Kata! Kata-kata! Kama mtu anatafuna mifupa ya kuku masikioni mwako. Mama Neema nyuma, kapakata kapu la mboga, ananigonga bega: "Baba Neema, nishuke?" Namwambia tulia, ni upepo. Upepo gani unakata-kata? Na malori ya mlima ule mnayajua yanavyopanda kinyonga. Basi hata hayo yalitupita.

Iringa kila mtu ni fundi. Hadi muuza mahindi ya kuchoma kaniambia, "Mzee, cheni imetanuka hiyo." Nikaenda kuipima kwa rula ya Neema ya shuleni. Pingili 20 za cheni namba 428 zikiwa mpya ni milimita 254. Zangu zilisoma 262. Na tusidanganyane, chuma hakitanuki kama lastiki ya sketi. Ni pini na bushi zake zinalika. Pingili moja ikilika robo milimita huoni kitu. Zidisha kwa pingili 116, ni karibu sentimita 3. Ndiyo ile ya muuza sukari anayekupunja kijiko kimoja kila siku, mwisho wa mwaka amejenga.

Sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalozungushwa na cheni, ndiyo usiseme. Meno yamechongoka, yamelala upande mmoja. Ukiipigilia kwenye kigoda unapata mbuzi ya nazi.

Kosa ni langu, nakiri, ila msimwambie Mama Neema. Mwaka jana mwenye duka aliniambia chukua seti nzima. Mimi nikajiona mjanja, nikanunua cheni tupu, nikaivisha kwenye meno yale yale mabovu. Ikaliwa kama muwa, miezi minne nyingi. Safari hii nikanyoosha mkono: cheni, sproketi ndogo, sproketi kubwa, shilingi 45,000. Hela ya gesi hiyo. Tulirudi kwenye mkaa.

Fundi ni kijana, heshima tele. "Shikamoo mzee, hii dakika kumi tu." Nilifika saa tatu asubuhi. Saa tano bado anaibembeleza nati ya ekseli kwa nyundo, imeshikwa na kutu. Akafungua kava la sproketi ndogo, tukakuta udongo na grisi vimeshindiliana humo, ungeweza kupanda mchicha na ukaota.

Tatizo likaja kwenye kukata. Cheni ilitoka dukani na pingili 118, mimi nahitaji 116. Nikasema toa mbili. Fundi akaniangalia kwa huruma, vile mnavyoangaliwa wazee mkisogelea simu za watoto. Akasaga vichwa vya pini, akapiga nyundo, akatoa tatu. Haya, funga. Haifungi! Pingili za cheni zinapishana, nyembamba, pana, nyembamba, pana. Ukitoa kwa hesabu ya witiri, ncha moja inabaki nyembamba na nyingine pana, na loki, ile pingili ya kuungia cheni, haina pa kuingia. Akakuna kichwa. Mimi nikadhani anawaza kurudisha moja. Akaongeza kukata moja.

Pingili 114.

Nikauliza, hatuwezi kuunga vile vipande? Akasema itabidi loki mbili, na loki mbili kwenye mlima wa Ipogolo yeye hahusiki. Hapo alikuwa mkweli, siwezi kumlaumu. Akasukuma tairi mbele mpaka likagota, akaikokota cheni kwa bisibisi, ikaingia. Hata loki alitaka kuiweka kinyume, upande uliofunga unaangalia nyuma, mpaka nilipopiga kelele.

"Umeona mzee? Imekaa."

Ilikaa kweli, pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa. Cheni inatakiwa icheze, sentimita 2 hadi 3 juu na chini, kwa sababu ukipanda shokapu zinabonyea na cheni inavutika. Mimi nina kilo 91. Nilipokaa tu, ile cheni ikakaza kama waya wa zeze. Niliigusa kwa kidole, ikanijibu kwa noti. Nikamwambia kijana, hii itanilia beringi za giaboksi. Akaifuta mikono yake kwenye tambara, akasema kwa upole kabisa: "Usijali mzee. Tumia tumia, itatanuka."

Yaani mimi nimetoa 45,000 kwa sababu cheni imetanuka, sasa naambiwa niombe Mungu itanuke!

Duka la spea linasema kilichokatwa hakirudishwi. Mshahara ni tarehe 28. Kwa hiyo nimepiga marufuku abiria. Nikamweleza Mama Neema kitaalamu, pingili, witiri, shokapu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza: "Kwa hiyo ni uzito wangu?"

Sikujibu vizuri.

Jana natoka Ipogolo, peke yangu, gia ya pili, napanda taratibu cheni isije ikachukia. Nasikia honi nyuma. Bodaboda, MC mpya, inanipita kama nimesimama. Nyuma yake mwanamke amekaa upande, kapu la mboga mapajani, ananipungia mkono.

Nauli yake nilitoa mimi.