Maabara kwanza au daftari kwanza? Sayansi ya watoto wa Kigoma

Kila inapozungumzwa namna ya kuwafundisha watoto wa shule ya msingi kufikiri kisayansi, mazungumzo huishia kwenye jengo. Upande mmoja, wenye sauti kubwa zaidi, unasema bila maabara na vifaa hakuna sayansi, kuna kukariri tu. Upande wa pili unasema mtoto wa darasa la nne aanze na macho yake, daftari na swali lililoulizwa vizuri. Maabara itamkuta njiani. Upande huu wa pili huchukuliwa kama faraja ya watu wasio na fedha, na nadhani hapo ndipo unapoonewa.

Hoja ya maabara ina uzito wake. Agizo la 2012 kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, lilitokana na tatizo la kweli: vijana wengi walikuwa wakimaliza kidato cha nne bila kushika bureti, ule mrija wa maabara wa kupimia kimiminika. Kipimo humwondoa mtoto kwenye "moto sana" na kumpeleka kwenye nyuzi 37. Maabara pia humruhusu abadilishe kitu kimoja na kuviacha vingine vilivyo, jambo gumu ukiwa ziwani au porini. Naye mwalimu mwenye watoto themanini darasani ana haki ya kuuliza muda wa kwenda mwaloni, wanakoshushia samaki wavuvi, na madaftari ataupata wapi, wakati mtihani wa mwisho hautamuuliza mtoto amejuaje, utamtaka asilibe A au C.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni dhana kwamba fikra ya kisayansi huingia darasani pamoja na kifaa, na Kigoma ni mahali pagumu pa kuitetea dhana hiyo.

Habari ya Jane Goodall, Mwingereza aliyechunguza sokwe, inafahamika: Julai 1960 alishuka Gombe, msitu wa sokwe ulio kando ya Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, akiwa na miaka 26, bila shahada ya chuo kikuu, na Novemba akamwona sokwe akichomeka unyasi kwenye kichuguu kuvua mchwa. Isiyosimuliwa vya kutosha ni ya Mei 1975. Waasi kutoka Zaire (Kongo ya sasa) walivuka ziwa usiku wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa wakifanya utafiti pale. Waliachiwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni hawakuendelea kukaa Gombe kama zamani. Utafiti haukufa, kwa sababu wasaidizi wa Kitanzania, watu wa huku huku, waliendelea kupanda vilima kila siku wakiwafuata sokwe na kuandika: saa ngapi, sokwe yupi, yuko na nani, anakula nini. Mmoja wao, Hilali Matama, ndiye aliyekuwa ameshuhudia, Januari 1974 kabla ya utekaji huo, madume wa kundi la Kasakela wakimvamia Godi, sokwe wa kundi la Kahama. Lilikuwa shambulio la kwanza kuonekana katika mapigano yaliyodumu takriban miaka minne, wakati ambapo watu wengi waliamini sokwe ni mnyama mpole.

Kazi ile ilidai nini? Ilidai kutenganisha ulichokiona na unachokidhania. "Sokwe amekasirika" ni dhana. "Nywele zimesimama, ametikisa tawi mara tatu" ni ulichokiona, na mwenzako aliyesimama kando anaweza kukithibitisha au kukikana. Mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa tofauti hiyo kwa wiki moja, akimwangalia kuku uani.

Watetezi wa maabara watanikumbusha kwamba Gombe hiyo hiyo inaonyesha hatari ya kuangalia tu. Ni kweli. Miaka ya 1960 sokwe walipewa ndizi ili wasogee karibu, na wakosoaji wakasema huenda ndizi hizo ndizo zilizowafundisha ugomvi. Kwa kulitazama kundi moja tu, hoja hiyo haijibiki. Lakini tazama ilivyokuja kujibiwa: 2014 watafiti walilinganisha kumbukumbu za jamii 18 za sokwe barani Afrika, wakaona kwamba kuingiliwa na binadamu hakuelezi mauaji baina yao. Jibu lilitoka kwenye madaftari mengi zaidi yaliyoandikwa kwa mtindo unaolinganishika.

Kulinganisha ndiko kwenye uzito, na hapa ziwa letu ni mwalimu kuliko jengo lolote. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, shughuli za uvuvi zilisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Tuseme ziwa limefunguliwa na dagaa wakaonekana tele. Je, ni kufungwa kulikowaleta? Swali hili ningeliweka mbele ya kila darasa la sita la Kibirizi, Katonga na Ujiji. Miezi ile ndiyo ya upepo wa kusi, unaokoroga maji na kupandisha rutuba iliyolala chini, kwa hiyo dagaa wangeweza kuongezeka hata bila amri ya serikali. Kulinganisha Agosti na Aprili, basi, ni kujidanganya. Linganisha Agosti na Agosti ya mwaka uliotangulia. Bado hujamaliza. Dagaa huvuliwa kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu, kwa hiyo lazima ulinganishe giza kwa giza. Bado tena: baada ya miezi mitatu bila kipato kila mwenye mtumbwi ataingia majini, na ndoo nyingi mwaloni zinaweza kumaanisha wavuvi wengi tu. Hesabu ndoo kwa kila chombo. Na ukishafanya yote hayo linabaki lile lisilo na dawa, kwamba hatuna Ziwa Tanganyika la pili ambalo halikufungwa.

Wataalamu wenyewe wamebishana hapo hapo. Mwaka 2003 kundi moja lilikadiria kwamba kuongezeka kwa joto la ziwa kumepunguza uzalishaji wa chakula cha samaki kwa takriban asilimia 20. Mwaka 2006 wengine wakajibu kwamba samaki wanaovuliwa wanapungua au kuongezeka hasa kwa sababu ya mabadiliko katika uvuvi wenyewe. Mwaka 2016 wengine tena wakasoma tope la chini ya ziwa na kusema samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Hapa maabara inadai heshima yake, maana tope halisomeki kwa macho. Ila mtoto anayesema "huenda ni kufungwa kwa ziwa, lakini sijaona hesabu ya kutosha" ametoa jibu la mtu anayefikiri, na darasani kwetu jibu hilo hupigwa mkasi.

Kwa walio wadogo zaidi upo uanikaji. Dagaa wa mchangani na wa kwenye kichanja, wapi hukauka haraka? Wape watoto dagaa wa ndoo moja, mizani ya dukani na siku moja ya jua. Takriban kila kundi litaharibu mara ya kwanza: wa kichanjani watatandazwa vizuri, wa mchangani watarundikwa, kisha kichanja kitatangazwa mshindi. Mwalimu asiwakatishe. Awaulize tu ni vitu vingapi vilivyotofautiana. Wakirudia kwa uzito ule ule, unene ule ule wa tandazo na saa zile zile, watakuwa wameshika kile ambacho kipindi kizima cha kunakili hatua za jaribio ubaoni hakiwapi. Gharama yake ni dagaa, na jioni wanaliwa.

Kikwazo ninachokiona kizito kuliko ukosefu wa bureti ni kwamba mtoto akimuuliza mkubwa "umejuaje?" huonekana amekosa adabu. Wazazi wanaohofia hilo hawakosei kabisa, kwani swali linaweza kuulizwa kwa kiburi. Mtoto anaweza kufundishwa kusema "shikamoo babu, naomba unieleze mlijuaje kwamba upepo ukigeuka dagaa hukimbia," na mzee wa mwaloni aliyevua miaka arobaini akaona raha kueleza, na mtoto akaandika maelezo yake kama jambo la kuchunguza.

Fedha za maabara ziendelee kutafutwa. Wakati zinatafutwa, vikundi vya usimamizi wa uvuvi mialoni na kituo cha Kigoma cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi nchini, wangeweza kuzipa shule za karibu takwimu za mavuno za kila mwezi, zikiwa na tarehe na idadi ya vyombo, na walimu wa hesabu na wa sayansi wakakaa pamoja kuziweka kwenye grafu. Walio darasa la nne leo watakuwa watu wazima wakati ziwa litakapojadiliwa tena kufungwa, na wengi wao watakuwa na nyavu.