Presha ya kurithi kwa watoto: vipimo vya damu au mkanda wa mkononi?

Mzazi mwenye presha akisikia kuna vipimo vya kuonyesha mapema kama mwanae atairithi, atataka mtoto apimwe leo leo, na namuelewa kabisa, maana presha inatembea kwenye ukoo kweli, wataalamu wanakadiria asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za presha kati ya watu zinatokana na urithi. Ila mimi nauliza, majibu yakishatoka mtoto atafanyiwa nini?

Wanaotetea hivi vipimo wana hoja nzito. Watoto wa wazazi wenye presha, hata wakiwa bado wako kawaida, ukiwachukua kwa ujumla wao baadhi ya tafiti zimekuta misuli ya moyo imenenepa kidogo na presha inapanda zaidi wakipata msongo. Mwaka 1980 watafiti walionyesha kwamba chembe nyekundu za damu za watu wenye presha, na za baadhi ya ndugu zao wa damu, zinabadilishana sodiamu (ile ya kwenye chumvi) na madini mengine yanayoitwa lithiamu kwa kasi kuliko za wengine. Halafu kuna asidi ya yuriki, taka ya mwili inayopatikana kwenye damu, utafiti mdogo wa 2008 kwa vijana 30 wenye presha ulikuta ukiishusha kwa dawa na presha nayo inashuka. Kwa hiyo mwili unatoa dalili mapema, hilo sibishi.

Shida ni kwamba hizo ni tofauti za makundi. Ukimchukua mtoto mmoja mmoja, namba za mwenye hatari na asiye nayo zinaingiliana sana. Jeni nazo hivyo hivyo, kufikia 2018 zilishajulikana sehemu zaidi ya 900 zinazohusiana na presha, lakini nyingi kila moja inasogeza presha chini ya milimita moja ya zebaki, yaani chini ya namba moja kwenye kipimo cha presha, na data nyingi ni za watu wenye asili ya Ulaya, sasa mtoto wa asili nyingine unamsomea majibu kwa kigezo gani? Na ukishamwambia mtoto wa miaka saba ana presha ya ukoo, hilo neno atakua nalo.

Kuna watoto ambao kipimo kinabadilisha kila kitu. Presha ikiwa juu sana utotoni, potasiamu iko chini, na ndugu wa karibu walipata kiharusi wakiwa vijana, huenda ni jeni moja tu, mfano ugonjwa wa Liddle, ambapo figo zinang'ang'ania chumvi na kuna dawa yake mahususi, amiloraidi. Huyo apimwe bila kusitasita!

Wengine mimi naona mkanda wa kupimia presha, ule unaofungwa kwenye mkono, unatosha, ingawa hata hapo wataalamu wa Marekani hawajakubaliana: chama cha madaktari wa watoto mwaka 2017 kilisema mtoto apimwe kila mwaka kuanzia miaka 3, jopo la wataalamu wa huduma za kuzuia magonjwa mwaka 2020 likasema ushahidi hautoshi. Mimi niko na madaktari wa watoto, kwa sharti kipimo kifanywe vizuri: mtoto akae katulia dakika kama tano, miguu ikanyage chini, mkono wa kulia uwe usawa wa moyo, na mkanda umtoshe, maana ukiwa mdogo kwa mkono wake unapandisha namba bure, anaondoka na ugonjwa ambao hana. Namba ikitoka juu, arudiwe siku nyingine kabla hajaandikiwa chochote.