Vyanzo Vingi vya Mapato Si Badala ya Mshahara

Vijana wa Kisumu siku hizi hupewa ushauri uleule kila mahali, kanisani, kwenye vyama na hata mezani kwa jamaa: mshahara mmoja haumfikishi mtu popote, na mwenye akili ni yule aliye na vyanzo vitano au sita vya mapato. Mimi nilikulia Manyatta, mtaa wa Kisumu, na sasa ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Leeds, Uingereza. Nimeishi kwa mshahara wa kudumu na nimeshiriki biashara ndogo ndogo za familia nyumbani, na kwa kuyajua maisha ya pande zote mbili naamini kwamba ushauri huo, jinsi unavyotolewa, unawaumiza watu tunaowapenda.

Nianze na huku ninakoishi. Mshahara wa Uingereza haukomei kwenye hela inayoingia benki mwisho wa mwezi. Sheria inamtaka mwajiri amwandikishe mfanyakazi katika mpango wa pensheni, na tangu Aprili 2019 mchango wa chini umekuwa asilimia 8 ya mapato yanayohesabiwa, ambayo angalau asilimia 3 yake hutoka mfukoni mwa mwajiri. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki ana haki ya siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka, sikukuu zikiwemo. Akiugua, hospitali ya umma humtibu bila kumdai fedha mlangoni, kwa kuwa gharama hulipwa kutokana na kodi. Ndiyo maana jirani yangu anaweza kuendesha basi miaka nenda miaka rudi, asiwe na kuku wala ploti, na hakuna anayemwona mzembe.

Kazi ya pili nayo huku haina faida kubwa kama wanavyodhani walio nyumbani. Kiasi kisichotozwa kodi ya mapato ni pauni 12,570 kwa mwaka, na kwa kawaida hicho huwa kimeshatumika katika kazi ya kwanza, kwa hiyo mapato ya kazi ya pili hukatwa asilimia 20 tangu pauni ya mwanzo. Mgeni aliyeingia kwa viza ya kudhaminiwa na mwajiri ana kizuizi kingine: anaruhusiwa saa 20 tu za kazi ya nyongeza kwa wiki, tena katika aina za kazi zilizotajwa na sheria, na akipoteza kazi iliyomletea viza, mara nyingi hupewa siku 60 za kumtafuta mdhamini mwingine. Kwa Mkenya mwenye viza ya namna hiyo, basi, hata ajira hii inayoitwa ya kudumu inasimama juu ya sahihi ya mtu mmoja.

Nyumbani hali ni tofauti, na tofauti hiyo ina sababu zake. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini Kenya ziko katika sekta isiyo rasmi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja siku 21 za likizo na malipo ya ugonjwa, lakini mama anayeuza omena katika soko la Kibuye, Kisumu, hana mwajiri wa kumdai haki hizo. Kila mwaka uvuvi wa omena Ziwa Victoria hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na miezi hiyo mama huyo hugeukia mitumba, mboga au maandazi. Vyanzo vyake vingi ndivyo bima yake. Sina neno la kumwambia mtu kama huyo isipokuwa la heshima, kwa sababu amezipanga shughuli zake kwa kuielewa hatari anayoikabili, na moja inapolala nyingine huamka.

Wasiwasi wangu ni kwa wale wanaohesabu vyanzo bila kuuliza fedha inatoka wapi hasa. Tazama Mumias, mji wa miwa magharibi mwa Kenya. Mtu aliyekuwa na shamba la miwa, duka, pikipiki mbili za bodaboda na vyumba vya kupangisha alijiona ana mapato ya aina nne. Kiwanda cha sukari kilipodhoofika, hadi kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewakilisha wanaokidai, mwaka 2019, miwa ilikosa mnunuzi, wapangaji waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda wakahama, duka likakosa wateja na bodaboda ikakosa abiria. Webuye nayo iliyaona hayo kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009. Mifereji ilikuwa minne, lakini mto ulikuwa mmoja. Mwalimu wa shule ya msingi wa Mumias, ambaye mshahara wake ulitoka Nairobi, alikuwa salama kuliko mfanyabiashara huyo, ingawa kwa hesabu ya kawaida alikuwa na chanzo kimoja tu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tulio ng'ambo ndio wa kwanza kulinyamazia. Kila chanzo cha mapato ni kazi ya mtu fulani. Nikisema nina kuku wa mayai Kisumu, maana yake ni kwamba dada yangu anaamka alfajiri kuwalisha, anamtafuta daktari wa mifugo wanapougua, anabeba mayai hadi sokoni na kupambana na wateja wanaokopa. Mwisho wa mwezi faida inaandikwa kwa jina langu. Saa zake tukizilipa kama tungemlipa kijana wa kuajiriwa, sehemu kubwa ya faida hiyo huisha. Familia nyingi zina miradi inayoonekana kuleta fedha kwa sababu tu mama, shangazi au mpwa anaifanyia kazi bila malipo na hakuna anayemhesabu. Hilo linaniuma, kwa sababu tunaliita uwekezaji.

Mpwa wangu ni mwalimu, ameajiriwa kwa masharti ya kudumu na pensheni, na majuzi aliniambia kwa simu, "Mjomba, nataka kuacha ualimu niendeshe mambo yangu." Mambo hayo ni bodaboda, kuku wa nyama na kazi za kuandika mtandaoni. Nilimsihi asiache. Katika mpango wa pensheni ya watumishi wa umma ulioanza Januari 2021, mfanyakazi huchangia asilimia 7.5 ya mshahara wake wa msingi na serikali huongeza asilimia 15. Biashara ya kuku haitampa mchango wa namna hiyo. Zaidi ya hayo, mshahara ndio unaomfungulia mlango wa sacco. Mwalimu hukopa hadi mara tatu ya akiba yake kwa kuwa makato hutoka moja kwa moja kwenye mshahara, na ukipita mitaa ya Kisumu utakuta nyumba nyingi za kupangisha zilijengwa na walimu na wauguzi kwa mikopo hiyo, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Siku atakayowasilisha barua ya kuacha kazi, mlango huo utafungwa, na atabaki na mikopo ya simu ambayo riba yake haifanani kabisa na ya sacco.

Nilimshauri abaki darasani, achague jambo moja la pembeni analolielewa, na alipendelee lile ambalo wateja wake hawaishi kwa mishahara ya mji uleule. Kati ya matatu aliyoyataja, uandishi wa mtandaoni ndio unaolingana na sharti hilo, kwa sababu mteja wake yuko mbali na msukosuko wa Kisumu haumgusi.

Nisingemwambia hivyo rafiki yake, mwalimu mwanagenzi anayefundisha katika shule jirani kwa mkataba wa mwaka mmoja na posho ndogo. Yeye hana pensheni ya kulinda wala mshahara wa kutosha kukopea, na akiwa na pikipiki jioni na shamba la mboga Jumamosi, sioni kwa haki gani mtu aliyeketi Leeds angemwambia apunguze.