Utundu Una Saa Zake

Shule zikikaribia kufunguliwa, sisi wazazi wa watoto "wasumbufu" tuna kosa letu moja: tunamkalisha mtoto chini, tunamhubiria. "Muhula huu sitaki kuitwa shuleni, umesikia?" Mtoto anaitikia kwa kichwa. Siku ya tatu, simu inaita.

Mimi nimehubiri miaka miwili. Mwanangu alikuwa na miaka 8, anasukuma madawati, anachana daftari la mwenzake, anatoka darasani bila ruhusa. Jina alishapewa, mtukutu, na jina likishamganda mtoto, hata kikombe kikivunjika chumba cha pili ataulizwa yeye.

Aliyetufungua macho ni mwalimu mmoja aliyenipa daftari dogo lenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Tukaandika wiki mbili, yeye darasani, mimi nyumbani. Tulipokaa kulisoma, karibu fujo zote za shuleni zilikuwa zimetokea saa ileile, baada ya mapumziko, watoto wakiambiwa wanakili kazi ubaoni. Safu ya tatu nayo ilikuwa ikirudia maneno mawili: ametolewa nje. Ametolewa nje. Ametolewa nje.

Kumbe adhabu tuliyodhani inamkomesha ndiyo iliyokuwa ikimwokoa! Mkono wake ni mzito kuandika. Wenzake wakimaliza, yeye yuko mstari wa pili. Akisukuma dawati, kazi imekwisha. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza panya, alishayaeleza haya: kitendo kinachokuondolea kero utakirudia. Mimi imenibidi nizae kwanza.

Ndiyo maana nasema mwalimu afuatwe kabla shule hazijafunguliwa, si baada ya simu. Nenda na mambo mawili tu, maana ana darasa zima mbele yake. Sisi tuliomba mtoto anakili nusu ya kazi, na akizidiwa aweke kadi mezani, apewe dakika tano za kutulia kisha arudi kumalizia. Hapo kwenye kurudi ndipo penye kazi. Bila hivyo kadi inakuwa mlango mwingine wa kutorokea, na alijaribu, msidhani hakujaribu.

Usingizi nao msiusahau. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 katika kila saa 24, na mazoea hayo hayarudi kwa amri ya usiku mmoja baada ya likizo nzima ya kukesha. Anzeni mapema, robo saa robo saa. Na kama ana dawa iliyosimamishwa wakati wa likizo, daktari aulizwe sasa kuhusu kuirudia.

Najua nitaambiwa namdekeza. Shangazi yake ameshaniambia, mbele ya wageni. Lakini dawati aliloliangusha analiinua mwenyewe, na daftari alilochana analinakili upya, kwa mkono wake uleule mzito. Nilichoacha ni kumtia aibu mbele ya darasa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto, na sioni utu wowote katika kupigishwa magoti huku wenzako wanacheka.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Mwalimu wa darasa jipya simjui bado. Nimemwomba dakika 15 siku ya Ijumaa, na lile daftari lishaingia mkobani.