Mimi Nilitaka Tu Kuchaji Simu

Nyumbani kwangu kuna vita. Si vya mke na mume, maana hivyo tumeshavizoea na vina ratiba yake. Hivi ni vita vya kampuni ambayo hakuna hata mmoja wetu mwenye hisa ndani yake, hakuna aliyewahi kukanyaga ofisi zake, na yenyewe haina habari kama tumezaliwa. Kampuni hiyo ni Apple. Kinachogombewa ni kama inaongoza kwa mambo mapya au inaburuza mkia.

Majeshi ni mawili. Kulia kwa kochi anakaa shemeji yangu, kaka yake mama watoto, mtu anayeshika iPhone yake kwa vidole viwili kama kifaranga cha kuazima. Kushoto anakaa mpwa wangu, mtoto wa dada, mwenye simu ya kukunja. Huikunja na kuikunjua mchana kutwa bila sababu. Ameinunua ikunjwe, basi lazima ikunjwe.

Katikati niko mimi, mwenye kochi. Nilikaa pale kwa sababu moja tu: soketi iko nyuma ya kochi, na simu yangu ilikuwa na asilimia 9. Chapa yake sitaitaja. Ni mtu mzima sasa, inastahili kusitiriwa. Waya wake haupeleki moto mpaka uukunje kidogo kushoto na kuubana na kidole gumba, na ukipumua vibaya moto unakata. Kwa hiyo nisionekane nilipenda mjadala. Nilikuwa nimefungwa pale kwa kidole.

Shemeji ndiye aliyechokoza. "Shemeji, dunia isingekuwa na simu ya kioo kama si hawa."

Mpwa hakumjibu yeye. Hawa wawili hawasemezani moja kwa moja, wanapitishia kwangu kama mimi ni mnara wa simu. "Mjomba, mwambie kwamba IBM ilikuwa na simu ya kugusa kioo mwaka 1994. Iliitwa Simon. Ilipiga simu, ilipokea barua pepe na faksi, ilikuwa na kalenda. Hiyo iPhone yake imekuja 2007."

"Iko wapi sasa hiyo Simon?" shemeji akauliza ukuta.

"Haikufika mbali, mjomba. Ilikuwa nene kama tofali na betri yake ilimaliza nguvu ndani ya saa moja ya maongezi."

Hapo nilisisimka kidogo. Betri ya saa moja! Kumbe simu yangu ina ukoo.

Shemeji akakohoa, akakaa vizuri, akasema yeye hakusema wamevumbua. Alisema wameifanya iwe simu ya watu. Nimeona watu wakihama nyumba usiku kwa kelele kubwa kuliko alivyohama yeye kutoka hoja ya kwanza kwenda ya pili. Na alipohamia, akapamba. Akaleta iPod. Vichezeshi vya muziki vya MP3 vilikuwa madukani tangu 1998, akakubali mwenyewe, lakini Apple ilipokuja na chake mwaka 2001, kinachobeba nyimbo elfu moja mfukoni, vile vya mwanzo vikasahaulika kama viti vya plastiki baada ya shughuli. "Hawa hawakimbilii kufika," akasema. "Haraka haraka haina baraka."

"Mjomba, mwambie ngoja ngoja huumiza matumbo."

Sasa utafanyaje? Wahenga wenyewe hawakuelewana, wakatuachia methali mbili zinazokunjana mashati, halafu mimi mwenye asilimia 9 ndiyo niamue.

Lakini kijana alikuwa na faili. Vijana wa siku hizi hawaendi kwenye ubishi mikono mitupu. Akaanza kusoma kama hakimu anayesoma mashtaka. Kwamba iPhone ya kwanza ilikuja bila uwezo wa kunakili na kubandika maneno, mpaka 2009. Miaka miwili! Mtu amekutumia ujumbe mzuri, unataka kumpelekea mwingine, unaketi unauandika upya neno kwa neno kama karani wa mahakama. Kwamba haikurekodi video. Kwamba Steve Jobs, bosi wa Apple wakati huo, alisimama jukwaani 2007 akaicheka kalamu ya kuandikia kwenye kioo, na mwaka 2015, yeye akiwa ameshatangulia mbele ya haki, kampuni ikatoa kalamu. "Hiyo ni ya tableti, si ya simu," shemeji akadakia, na ni kweli, lakini alidakia kwa sauti ya mtu ambaye begi lake linapekuliwa. Kwamba Samsung ilipotoa Galaxy Note mwaka 2011, yenye kioo cha inchi 5.3, watu walisema huwezi kuweka sinia sikioni, na miaka mitatu baadaye Apple ikatoa iPhone ya inchi 5.5, na wale wale waliocheka wakapanga foleni kulinunua sinia.

Nilitaka kucheka, nikakumbuka waya. Nikacheka kwa upande wa kulia tu.

Shemeji naye hakuwa mnyonge. Akaileta chipu. Mwaka 2013 Apple iliweka kwenye simu kichakataji cha biti 64 wakati simu nyingine zote zilikuwa kwenye 32, na mkubwa mmoja wa Qualcomm, kampuni inayotengeneza chipu za simu nyingine, akasema hadharani kwamba ni mbwembwe tu za kuuzia. Haikupita muda, kampuni yake ikabidi iyakane maneno yake. Na baadaye, akasema, wote wakahamia biti 64. Halafu akaleta M1 ya mwaka 2020, chipu iliyofanya kompyuta za mapajani zikae muda mrefu na betri bila kupiga kelele za feni. Mpwa akanyamaza. Akakunja simu. Akaikunjua. Nikajua hapo amepigwa.

Mimi biti siielewi. Nilijua kuna 32 na kuna 64, na kwamba simu yangu inapofungua kamera hufikiri kwanza, kwa hiyo chochote ilicho nacho hakitoshi.

Sasa ngojeni niseme langu, maana wao wamesema sana na kochi ni langu.

Hawa wawili wanagombea nani alitangulia kuleta kitu. Hakuna anayeuliza nani alitangulia kuondoa. Mimi ndiko ninakoumia. Mwaka 2016 Apple iliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7. Hawakuwa wa kwanza hata hapo, kulikuwa na simu chache zilizokwisha kulitoa, lakini wao ndio waliopanda jukwaani na kuliita jambo lile ujasiri. Ujasiri! Mimi nikimwondolea mtu kitu chake mfukoni naitwa jina jingine. Mwaka ule ule Google ikatoa tangazo la simu yake ya Pixel likijigamba kwamba tundu lao lipo. Mwaka uliofuata Pixel 2 ikatoka bila tundu. Oktoba 2020 Apple ikaondoa chaja kwenye boksi. Samsung ikaweka mtandaoni picha ya chaja, kwamba sisi bado tunakupa. Januari 2021, miezi mitatu tu, Galaxy S21 ikatoka, fungua boksi, chaja hakuna. Ile picha ya kejeli ikaondolewa kimya kimya, kama mtu anayefuta meseji aliyomtukania bosi.

Hesabuni sasa. Kuchaji bila waya kulikuwepo kwenye Nokia Lumia 920 mwaka 2012. Apple imeweka 2017. Miaka mitano kumwiga mwenzio jambo la kumrahisishia mteja. Lakini kumnyima mteja chaja, miezi mitatu! Kwenye kunyang'anya hakuna anayebaki nyuma, wote wanaongoza, wamefungamana bega kwa bega kama gwaride. Mimi hapo siongozwi wala sichelewi. Ninapungukiwa. Boksi la simu limekuwa jembamba hivi kwamba siku moja tutauziwa bahasha, ndani kuna karatasi imeandikwa "asante".

Niliyasema haya kwa uchungu, kwa mkono mmoja hewani na mwingine kwenye waya. Walinitazama kama mtoto aliyeingia sebuleni bila nguo, kisha wakaendelea.

Mpwa akatoa silaha kubwa. "Mjomba, muulize iPad ilitoka lini."

"2010," nikasema, maana hilo nilikuwa nalijua.

"Muulize ilipata kikokotoo lini."

Shemeji akatazama dari.

Jamani, kikokotoo! Cha kujumlisha na kutoa! Tableti ilitoka 2010, na kikokotoo cha kampuni yenyewe kikawekwa mwaka 2024. Miaka kumi na minne. Mtoto aliyezaliwa siku iliyotoka iPad ameshajifunza kujumlisha, kuzidisha, kugawanya, ameanza na aljebra, na tableti bado inamngoja. Shemeji akajitetea kwamba walikuwa wanatafuta namna bora ya kukitengeneza, na kwa kweli kilipokuja kilikuja na maajabu: unaandika hesabu kwa ile kalamu, chenyewe kinakujibu kwa mwandiko unaofanana na wako. Ni kizuri, sibishi. Lakini fundi akikukalia miaka kumi na minne na kazi yako, hata akikuletea kiti cha enzi utamuuliza alikuwa wapi.

Akili mnemba tuliipitia haraka, kwa sababu ilimuuma shemeji na mimi sipendi kuona mtu mzima anaumia. Alianza vizuri: Siri, msaidizi wa Apple unayemsemesha kwa sauti, ilikuja kwenye iPhone 4S mwaka 2011, miaka mitatu kabla ya Alexa ya Amazon. Walikuwa mbele kabisa, peke yao, barabara nyeupe. Halafu wakaegesha gari wakalala. Novemba 2022 ChatGPT ikatoka, dunia ikapiga kelele, na Apple ikatangaza akili yake Juni 2024. Siri mpya iliyoahidiwa, ile ya kujua mambo yako na kukufanyia kazi, Machi 2025 ikatangazwa kwamba itachelewa. Kwa hiyo kampuni ile ile, mikono ile ile: chipu inaongoza, msaidizi anachechemea. Ni kama mtu anayewahi kazini kuliko wote, halafu amesahau ufunguo, anasubiri mlangoni mpaka waliochelewa waje wamfungulie.

"Na simu ya kukunja wanayo?" mpwa akapigilia msumari.

Hapo shemeji akapata pumzi. "Shemeji, mkumbushe hiyo kukunja ilivyoanza." Nikakumbushwa hata mimi. Aprili 2019 Samsung iliwapa waandishi Galaxy Fold waijaribu, na ndani ya siku chache baadhi zikafa vioo. Wengine walibandua ile karatasi laini ya juu wakidhani ni ya kinga ya dukani, kumbe ni sehemu ya kioo. Ikabidi uuzaji usogezwe hadi Septemba. "Hao ndio waliotangulia," shemeji akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kikokotoo.

Nikajaribu kuwapatanisha. Nikawaambia habari ya Kodak, kampuni iliyotamba kwa kamera na filamu. Mwaka 1975 mhandisi wao, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kidijitali, ina uzito wa kilo tatu na ushee, inahifadhi picha kwenye kaseti, picha moja sekunde 23. Walikuwa nayo mkononi, ya kwao! Januari 2012 wakaomba ulinzi wa mufilisi. Sasa hao walitangulia au walichelewa? Niliona nimesema jambo zito. Hakuna aliyejibu. Mpwa aliuliza kama nyumba hii ina soketi nyingine.

Kumbe ubishi unakula betri. Shemeji alikuwa amebakiza asilimia 4 kwa kutafuta ushahidi, mpwa 6. Wakatazamana, kwa mara ya kwanza ana kwa ana, bila kupitia mnarani. Mpwa akatoa waya mfukoni, akauangalia, akauangalia mdomo wa iPhone ya shemeji. Ni USB-C, unaingia zote mbili, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022 ya mdomo mmoja wa chaja, na kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023 Apple ikaukubali. Miaka yote hiyo ya uvumbuzi, aliyewapatanisha shemeji yangu na mpwa wangu ni mbunge.

"Tutapokezana, dakika kumi kumi," shemeji akasema kwa upole.

"Haina shida, anza wewe," akasema mpwa.

Kisha wote wawili wakageuka, wakaitazama simu yangu, wakautazama mdomo wake wa kizamani, wakakitazama kidole changu gumba kilichokuwa kimebadilika rangi.

"Lakini shemeji," akasema shemeji, "wewe ndiye umebaki nyuma kweli kweli."

"Kweli, mjomba," akasema mpwa, na ndilo jambo la kwanza waliloafikiana tangu asubuhi. Akainama nyuma ya kochi, kochi langu, akachomoa chaja yangu taratibu kwa adabu zote, akachomeka ya kwake.

Nikaifungua simu nione angalau nimevuna kiasi gani. Asilimia 8. Nilianza na 9.