Naunga mkono safari za anga, ila si kwa sababu ya kikaango

Mjadala wa fedha za anga za juu ukipamba moto, hakosi mtu wa kututajia kikaango kisichogandisha chakula. Bila roketi, eti, Teflon, ule utando wake, tungeipata wapi? Teflon iligunduliwa 1938, miaka 20 kabla NASA, shirika la anga za juu la Marekani, haijaundwa. Velcro nayo, ile tepe ya kunatisha nguo na viatu, aliibuni Mswisi George de Mestral, baada ya kuchunguza mbegu zilizong'ang'ania manyoya ya mbwa wake. Tukitetea jambo kwa mifano ya namna hii, wapinzani wana haki ya kutucheka.

Mimi hutaja mlio wa Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani. Wasovieti walipoirusha Oktoba 1957, wanasayansi wawili wa maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, William Guier na George Weiffenbach, walikaa kuisikiliza redioni. Wakabaini kwamba mlio unapanda setilaiti inapokaribia na kushuka inapokwenda zake, kama king'ora cha gari la wagonjwa linalokupita barabarani. Kwa tofauti hiyo tu wakakokotoa njia yake yote. Mwaka uliofuata mkubwa wao, Frank McClure, akawageuzia swali: kama wewe ukiwa mahali panapojulikana unaweza kujua setilaiti iko wapi, basi ukijua ilipo setilaiti, si utajua na wewe uko wapi? Jeshi la majini la Marekani lilikuwa likilitafuta jibu hilo kwa ajili ya nyambizi zake za makombora. Ukazaliwa Transit, mfumo wa kujua mahali ulipo kwa setilaiti, kisha GPS, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa 1978.

Naam, chimbuko lake ni vita baridi, na sioni sababu ya kulificha. Lakini mwaka ule wa 1957 nani angeandika kwenye ombi la fedha kwamba anatafuta ramani ya kwenye simu?

Halafu kuna swali la njaa: kwa nini turushe roketi ilhali watu hawana chakula? Uchungu wake naukubali, hesabu yake siikubali. Bajeti ya NASA ilikuwa zaidi ya asilimia 4 ya matumizi ya serikali ya Marekani mwaka 1966. Leo haifiki hata nusu ya asilimia 1. Na setilaiti za Landsat, zinazopiga picha za dunia tangu 1972, ndizo zinazosaidia kukadiria mavuno na kufuatilia ukame. Tangu 2008 picha hizo hutolewa bure.

Tusidanganyane pia kwamba zamani umma wote ulishangilia. Kura nyingi za maoni za miaka ya 1960 zilionyesha Wamarekani wengi wakiona Apollo, mradi wa kupeleka watu mwezini, haistahili gharama yake.

Kupeleka watu Mars, hapo bado sijashawishika. Roboti Curiosity inazunguka huko tangu Agosti 2012, haijaomba chakula wala haijauliza itarudi lini.